Ngome ya d8: Rotlewi na Rubinstein, 1907, na hesabu ya zamu katika ufunguzi

SWALI: Nacheza chesi ya mashindano, kiwango cha kati, michezo ya saa ndefu. Nikiwa na Weusi dhidi ya 1.d4 nategemea Ulinzi wa Tarrasch (kujibu kwa d5, e6 na c5 mapema), na njia yake kuu nimeikariri hadi hatua ya 14. Shida ni kwamba wapinzani hawaifuati. Wanacheza e3, a3, b4, mambo ya kimya kimya tu. Mimi nami najibu vivyo hivyo, ubao unageuka kioo, kompyuta inasema sawa kwa sawa, halafu ikifika hatua ya 25 nimekwisha. Mwalimu wangu ameniambia nitazame mchezo wa Rotlewi na Rubinstein wa 1907. Nimeutazama mara nyingi. Naona malkia anatolewa kafara, ngome inatolewa kafara, nashangaa, basi. Sioni unanifundisha nini kuhusu ufunguzi. Je, nibadilishe ufunguzi?

JIBU: Ndugu yangu, mwalimu wako amekuelekeza pazuri, ila umeanza kuutazama mchezo huo kutoka mwisho, kama tufanyavyo wengi. Zile kafara ndizo zinazochapishwa kila mahali, kwa hiyo macho yanakimbilia huko. Kwako wewe sehemu yenye faida inaishia hatua ya 15, kabla kitu chochote cha kushangaza hakijatokea. Tandika ubao tuupitie. Herufi nitaziandika kama zilivyo kwenye karatasi za mashindano: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; vitunda, vile vidogo vya mstari wa mbele, havina herufi. Alama x ni kula, + ni cheki, O-O ni kumhifadhi mfalme pamoja na ngome, na nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Weusi.

Mchezo ulifanyika Łódź, mji uliokuwa wakati huo chini ya Dola la Urusi, mwishoni mwa Desemba 1907. Weupe ni Gersz Rotlewi, Weusi ni Akiba Rubinstein.

1.d4 d5 2.Nf3 e6 3.e3 c5 4.c4 Nc6 5.Nc3 Nf6. Hiki ndicho kioo chako. Kila alichonacho Mweupe, Mweusi anacho, na zamu ni ya Mweupe. Faida yake yote duniani ni hiyo zamu moja. 6.dxc5 Bxc5 7.a3 a6 8.b4 Bd6 9.Bb2 O-O 10.Qd2 Qe7 11.Bd3 dxc4 12.Bxc4 b5 13.Bd3 Rd8 14.Qe2 Bb7 15.O-O.

Simama hapo. Usisogeze chochote.

Sasa fanya kazi moja ndogo: futa jozi. Kitunda cha a3 kwa kitunda cha a6, futa. b4 kwa b5, futa. e3 kwa e6, na vitunda vitatu vya upande wa mfalme kwa vitatu, futa. Farasi c3 na f3 kwa farasi c6 na f6. Maaskofu b2 na d3 kwa maaskofu b7 na d6. Malkia e2 kwa malkia e7. Mfalme g1 kwa mfalme g8. Ngome ya a1 kwa ngome ya a8. Kimebaki nini? Kimebaki kitu kimoja tu: ngome ya pili ya Mweupe ipo f1, mahali ilipoachwa mfalme alipohifadhiwa, na ngome ya pili ya Mweusi ipo d8, kwenye mstari ulio wazi. Na zamu ni ya nani? Ya Mweusi.

Yaani mtu aliyeanza mchezo akiwa na zamu ya ziada, baada ya hatua 15 amejikuta nyuma. Kama angekuwa ametumia zamu zake sawasawa, kioo kingekuwa kamili na yeye ndiye angekuwa anacheza. Badala yake, mwenzake ana ngome iliyokwisha kutoka na bado anacheza yeye. Hizo ni zamu mbili zilizopotea, na hakuna kipande hata kimoja kilicholiwa bure. Hakuna kosa ambalo mtazamaji aliyesimama nyuma ya kiti angelishtukia.

Zilipotea wapi? Ya kwanza ni rahisi kuiona: malkia alikwenda d2, kisha akahamia e2. Mraba ambao angeufikia kwa hatua moja ameufikia kwa mbili. Malkia wa Rubinstein alikwenda e7 moja kwa moja, akatulia.

Ya pili inahitaji macho zaidi, na ndiyo inayokuhusu wewe. Fuata askofu wa mfalme wa kila upande. Askofu wa Mweusi alitoka f8 akala c5, akasukumwa na kitunda cha b4 hadi d6: hatua mbili. Askofu wa Mweupe alitoka f1 akaenda d3, akalazimika kula c4, akasukumwa na kitunda cha b5 akarudi d3: hatua tatu. Tofauti ilitokana na nani alimtoa askofu kwanza. Mweupe alipokula c5 kwenye hatua ya 6, askofu wa Mweusi alikuwa bado nyumbani, kwa hiyo kulipiza kwake kulikuwa ndiko kutoka kwake. Rubinstein alipokula c4 kwenye hatua ya 11, askofu wa Mweupe alikuwa ametoka hatua hiyo hiyo. Safari yake ya d3 ikawa bure.

Huo ni ugomvi wa zamani sana ndani ya familia nzima ya Gambiti ya Malkia, yaani Weupe kucheza d4 na c4 dhidi ya d5. Vitunda vya c4 na d5 vinatazamana, na kila upande unatamani mwenzake amsogeze askofu wa mfalme kwanza, ndipo ule. Wachezaji wakubwa wanavumiliana hapo hatua kadhaa, wanacheza hatua zenye manufaa huku wakisubiri. Ukiitazama 10.Qd2 kwa jicho hilo utaona Rotlewi naye alikuwa anasubiri. Wazo lilikuwa sahihi, mraba ndio ulikuwa mbaya, kwa sababu malkia kwenye d2 anakaa kwenye mstari ambao ngome ya Mweusi iko tayari kuushika. Angeweza kula 10.cxd5 exd5 na kumwachia Mweusi kitunda cha d5 kisicho na mwenzake pembeni, mchezo ukawa wa kawaida tu.

Jibu la Rubinstein, 10...Qe7, nalo lina kitu ndani yake. Linaonekana kama linaacha kitunda. Lakini Weupe wakikifuata, 11.cxd5 exd5 12.Nxd5 Nxd5 13.Qxd5, basi 13...Be6 inamsukuma malkia huku mfalme wa Weupe akiwa bado e1 na ngome za Weusi ziko hatua moja kutoka d8. Kitunda kimoja kwa hayo yote, mimi ningekitoa bila kufikiri mara mbili.

Haya, tumeona deni. Sasa tuone lilivyodaiwa. Kila shambulio linalofuata linapita kwenye ile ngome ya d8, ile iliyobaki tulipofuta jozi.

15...Ne5. Kama zamu ingekuwa ya Mweupe, yeye ndiye angeruka na farasi hadi e4 na kumgusa askofu wa d6. Sasa Mweusi ndiye anayemgusa askofu wa d3. 16.Nxe5 Bxe5, na tayari kuna tishio: 17...Bxh2+ 18.Kxh2 Qd6+, kisha malkia anakula d3. Askofu huyo analindwa mara moja, na malkia wa e2, ila anashambuliwa mara mbili, na malkia wa d6 na ngome ya nyuma yake. Iondoe ngome ya d8, uirudishe f8, tishio linayeyuka. Hapo ndipo zamu iliyopotea inageuka kuwa kitu cha kushikika.

Mweupe anaziba kwa 17.f4, na askofu anarudi taratibu, 17...Bc7. Hatua ya f4 imezuia tishio moja na kufungua mlango mwingine, kwa sababu mshazari unaoelekea g1 sasa unalindwa na kitunda cha e3 peke yake. Kisha 18.e4, na kitunda hicho nacho kinaondoka. Hapa ndipo namlaumu Rotlewi kweli. Ngome zake mbili zimelala, mfalme wake amevuliwa nguo, naye anasukuma vitunda vya katikati kana kwamba yeye ndiye anayeshambulia. Hapo palihitajika ngome ya a1 itoke, d1 au c1, popote. Rubinstein kwa upande wake anacheza hatua ambayo hakuna mtu huipigia makofi, 18...Rac8, na kipande cha mwisho cha jeshi lake kimeingia kazini.

19.e5 Bb6+ 20.Kh1 Ng4. Farasi amewekwa mahali ambapo malkia wa e2 anaweza kumla. Akila, 21.Qxg4, askofu wa d3 amepoteza mlinzi na 21...Rxd3 inaingia. Ngome ile ile tena. Akijaribu 21.Ne4, basi 21...Rxd3 22.Qxd3 Bxe4 23.Qxe4 Qh4, na baada ya 24.h3 Qg3 25.hxg4 Qh4 ni chekimeti. Rotlewi alichagua 21.Be4, akijaribu kufunga mshazari wa askofu wa b7. Ikafuata 21...Qh4 22.g3.

Hapa ndipo watu wanaposhangaa, na kushangaa kuna haki yake, lakini kuna hesabu rahisi chini yake. Askofu wa e4 ndiye ukuta pekee kati ya askofu wa b7 na mfalme wa h1. Anao walinzi wawili: farasi wa c3 na malkia wa e2. Rubinstein anawaondoa mmoja mmoja. 22...Rxc3 inamwondoa farasi, huku malkia wa Weusi akiachwa aliwe. Weupe wakikataa malkia na kula ngome, 23.Bxc3 Bxe4+ 24.Qxe4 Qxh2 ni chekimeti. Kwa hiyo 23.gxh4, na sasa 23...Rd2. Ngome ya d8, ndiyo, hiyo hiyo, imekwenda kumvuta mlinzi wa pili. 24.Qxd2 Bxe4+ 25.Qg2 Rh3, na Rotlewi akanyoosha mkono kukubali kushindwa. Malkia wa g2 amebanwa na askofu wa e4, hawezi kula ngome ya h3. Akimla huyo askofu, ngome inakula h2 ikiwa imelindwa na farasi, na askofu wa b6 anaziba g1. 26.Rf2 haisaidii, wala 26.Rf3.

Tazama kona ya a1. Ngome ya Weupe haijasogea hata mara moja tangu mchezo uanze.

Usidhani Rotlewi alikuwa mnyonge. Alizaliwa 1889, kwa hiyo alikuwa kijana mdogo siku hiyo, na mwaka 1911 kwenye mashindano makubwa ya Karlsbad yenye wachezaji 26 alimaliza wa nne, nyuma ya Teichmann, Rubinstein na Schlechter. Nalitaja hili kwa sababu wewe umeandika kana kwamba kushindwa kwenye ubao wa kioo ni dalili ya uhaba wa kipaji. Kioo kinatega watu wa kila kiwango, maana kinatia usingizi. Kila hatua inaonekana inakubalika, na hakuna kengele inayolia.

Turudi kwako. Hukunitumia karatasi za michezo yako, lakini kwa maelezo yako nakisia unachofanya. Mpinzani akifika 6.a3 (badala ya kula c5), mkono wako unakwenda kwenye 6...Bd6, kwa sababu ni hatua ya kawaida, inatoa kipande, inaandaa kumhifadhi mfalme. Sasa ihesabu. 7.dxc5 Bxc5 8.b4 Bd6. Askofu wako ametembea d6, c5, d6: hatua tatu. Ni safari ya Rotlewi ile ile, umeigeuza upande wa pili wa ubao, tena wewe ndiye uliyeanza nyuma kwa zamu moja. Kompyuta haitapiga kelele, itakuonyesha tofauti ndogo, na wewe utaendelea ukiamini uko sawa.

Cheza 6...a6. Ni hatua ya kusubiri, lakini si ya bure, kwa sababu imebeba tishio la kula c4 na kusukuma b5. Sasa swali limerudi kwa Mweupe. Akimtoa askofu, 7.Bd3, unakula 7...dxc4 8.Bxc4 b5 na askofu wako anakwenda b7, umemlipisha zamu. Akila mwenyewe, 7.dxc5 Bxc5 8.b4, uko ndani ya mchezo wa Rubinstein, na una chaguo: askofu aende d6, akitazama h2, au a7, akitazama f2 na g1. Wengi humpeleka d6 bila kufikiri. Akiwa a7 hawezi kusumbuliwa na farasi wa e4, na ukiwa na kitunda cha d5 peke yake ni makao mazuri sana. Akibadilisha kwanza, 7.cxd5 exd5 8.dxc5 Bxc5 9.b4, ningempeleka a7 bila kusita. Na akicheza 7.b3, ambayo ni hatua ya watu wanaojua wanachofanya, basi 7...cxd4 8.exd4 Be7 ni imara, na kioo kimevunjika.

Hilo la kuvunjika kwa kioo ulizingatie. Kuiga si dhambi kwa hatua nane, tisa hivi. Lakini anayeiga huwa nyuma kwa zamu moja, na ikifika mahali ambapo tishio la kwanza ni la mwenye zamu, kuiga kunaua. Kwa hiyo unapoiga, fanya hivyo ukiwa na sababu: unasubiri mwenzako apoteze kitu. Asipopoteza, wewe ndiye unayepaswa kubadilisha sura ya vitunda kabla mistari haijafunguka.

Kuhusu ile 0.0 ya kompyuta, yaani sawa kwa sawa. Namba hiyo inakuambia kwamba pande zote mbili zikicheza vizuri kabisa, hakuna anayeshinda. Haikuambii nani ana kazi rahisi. Ukiiwekea injini ule ubao wa hatua ya 15, haitatangaza ushindi wa Weusi, itasema wako mbele kiasi. Lakini mwanadamu mwenye ngome ya d8, zamu mkononi na maaskofu wawili wanaoelekea kwa mfalme anajua afanye nini. Aliye ng'ambo ya pili anajilinda tu. Ndani ya ukumbi, saa ikitembea, hiyo ni tofauti kubwa kuliko inavyosomeka kwenye skrini.

Kuna kitu kimoja usije ukakibeba vibaya kutoka hapa. Hesabu ya zamu ina uzito pale ambapo mistari ya katikati iko wazi au inakaribia kufunguka. Kwenye mchezo wa Rubinstein vitunda vya c na d vya pande zote mbili vimekwisha kuondoka, kwa hiyo kila ngome inayotoka inapata barabara. Vitunda vikifungana katikati, kama inavyotokea kwenye njia nyingi za Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, Weusi humrudisha farasi wa f6 nyuma makusudi ili wasukume f5, na hakuna anayewaadhibu, kwa sababu hakuna pa kupita. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu, tazama kwanza: je, mlango wa katikati unaweza kufunguliwa ndani ya hatua tatu nne? Kama hauwezi, acha hesabu, tafuta mahali pazuri pa kila kipande hata kwa hatua za ziada.

Tena, zamu hulipwa kwa zamu. Chukua Meran, tawi la Nusu-Slavi (ufunguzi wa Weusi wenye d5, c6 na e6). Jina lake limetokana na mji wa Meran, ambako mwaka 1924 Rubinstein huyu huyu aliicheza na Weusi dhidi ya Grünfeld. Hatua zake ni 1.d4 d5 2.c4 c6 3.Nf3 Nf6 4.Nc3 e6 5.e3 Nbd7 6.Bd3 dxc4 7.Bxc4 b5 8.Bd3. Unaona? Askofu wa Mweupe amefanya safari ile ile ya d3, c4, d3, na bado wachezaji wa daraja la juu wanaikubali kwa Weupe hadi leo. Sababu ni kitunda cha c. Mweusi amekiweka c6, na ili apumue atalazimika kukisukuma tena hadi c5. Zamu moja kwa zamu moja, hakuna anayemdai mwenzake. Kwenye Tarrasch wewe umefika c5 kwa hatua moja, kwa hiyo Mweupe anayefanya safari hiyo hana cha kufidia.

Na kwa kuwa tumefika Meran, utafute mchezo wa Aronian na Anand, Wijk aan Zee, Januari 2013. Ufunguzi ni huo hapo juu. Anand na Weusi ana maaskofu b7 na d6, farasi wake anatua g4, Aronian anajibu f4, askofu wa Weusi anahamia mshazari wa g1, mfalme anakimbilia h1. Hatua zenyewe ni tofauti, ila sura ni ya 1907 kabisa. Hatua ya 16, Nde5, inaacha vipande vikining'inia, na mchezo unaisha hatua ya 23 kwa Be3. Utazame baada ya kuuelewa ule wa kwanza. Ukiutazama kabla, utarudi kwenye kushangaa.

Sasa mazoezi, maana hapa ndipo unaponiambia umekariri hatua 14. Chukua karatasi zako za mashindano, zile za michezo uliyopoteza na Weusi. Pitia kila moja hadi hatua ya 15 tu, na kwa kalamu ya rangi nyingine zungushia kila hatua ambapo kipande kilichokwisha kutoka kimesogezwa tena. Fanya hivyo kwa pande zote mbili. Kisha, pembeni ya kila duara, andika sababu kwa maneno matatu manne: alifukuzwa, alikula, alitishia, au hakuna. Duara lenye "hakuna" ndilo unalolitafuta. Zikiwa nyingi upande wako, umepata ugonjwa wako, na hauhusiani na kukariri. Zikiwa nyingi upande wa mpinzani na bado ulipoteza, basi ulipewa zamu na hukuzitumia, na hapo turudi kwenye 15...Ne5: zamu ya ziada lazima iwe tishio haraka, kabla mwenzako hajamalizia kutoa vipande vyake. Faida ya aina hii haikai. Ukicheza hatua mbili za kujipanga, imekwisha.

Mezani penyewe, usihesabu kila hatua, utachoka na saa itakula muda wako. Hesabu mara moja tu, pale mfalme wa pili anapohifadhiwa. Futa jozi kichwani, angalia kilichobaki, angalia zamu ni ya nani. Kwa mazoezi kidogo ni kazi ya muda mfupi sana. Na hesabu hiyo ikae kichwani, si kwenye karatasi, kwa sababu kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, haziruhusu kuandika maelezo wakati mchezo unaendelea, wala kuandika hatua kabla hujaicheza.

Kama kuna jambo la kukariri, kariri miundo mitatu: kitunda chako cha d5 kikiwa peke yake, cha Mweupe cha d4 kikiwa peke yake, na huu wa kioo ambapo vitunda vya c na d vyote vimeondoka. Kwa kila muundo ujue ngome zako zinakaa mistari gani na askofu wa mfalme anapenda mshazari upi. Njia kuu uliyoikariri, ile ya Weupe kucheza g3 na kumweka askofu g2, usiitupe. Siku moja utakutana na anayeijua. Jambo la kuchekesha ni kwamba njia hiyo, ambayo ndiyo silaha kali kuliko zote dhidi ya Tarrasch, inaitwa kwa jina la Schlechter na Rubinstein. Bwana aliyewapiga watu akiwa na Weusi ndiye aliyewafundisha Weupe namna ya kuuminya ufunguzi huo.

Kwa hiyo, ubadilishe ufunguzi? Hapana. Tarrasch umechezwa na Spassky kwenye pambano la ubingwa wa dunia la 1969 dhidi ya Petrosian, na Kasparov akiwa njiani kuelekea ubingwa aliutumia mwaka 1984. Baadaye mwaka huo huo Karpov alimshinda ndani yake mara mbili, na Kasparov akauweka kando. Ikiwa una mpinzani wa kiwango cha Karpov kwenye mashindano yako yajayo, tuzungumze upya. Dhidi ya watu wa e3 na a3, wacha 6...Bd6, shika 6...a6, na ukishacheza michezo kama kumi hivi nitumie karatasi zenye maduara, hasa zile ambazo askofu wako alikwenda a7.